Uwanja wa vioo, maulizo bubu!

Mwandishi wa safu hii alikwenda uwanja wa ndege usiku kumpokea mdogo wake aliyekuwa anarudi kutoka Uarabuni baada ya miaka miwili ya kibarua. Ndege ilitakiwa kutua saa 8 usiku. Ikafika saa 9, ubao wa matangazo unasema ndege inakuja. Saa 10, ubao unasema vilevile. Saa 11 alfajiri ubao haukusema lolote. Ndege ilikuwa imefutwa kwenye ubao kama vile haijawahi kuwepo duniani.

Palikuwa na kaunta ya maulizo. Kaunta nzuri, ya kung'aa, ina taa juu yake na neno limeandikwa kwa herufi kubwa. Nyuma ya kaunta palikuwa na kiti, na juu ya kiti palikuwa na sweta. Mwenye sweta hakuonekana. Alipotokea, baada ya dakika 40 hivi, aliulizwa swali moja tu: ndege iko wapi? Akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye simu: "Hilo waulize shirika lenyewe." Ofisi ya shirika lenyewe ilikuwa na kufuli.

Mama mmoja mtu mzima, aliyetoka mkoani kwa basi kuja kumpokea binti yake, alianza kulia. Alidhani ndege imeanguka. Hakuna aliyemwambia imeanguka, lakini pia hakuna aliyemwambia haijaanguka.

Jibu lilipatikana nje, kwenye maegesho. Dereva teksi mmoja, kijana wa makamo, alisema ndege haijaondoka kabisa kule ilikotoka, ina hitilafu, na itafika saa 9 alasiri. Alijuaje? Mteja wake alikuwa ndani ya ndege hiyo na alimpigia simu. Basi watu wote wakamzunguka dereva teksi. Mama yule akanyamaza, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akanywa chai. Kwa usiku ule maulizo ya uwanja yalikuwa pale, kwenye boneti ya gari chakavu, na mtu aliyeyahudumia halipwi mshahara na mtu yeyote.

Hatuutaji uwanja huo. Mchezo huu hauko uwanja mmoja, na aliyewahi kusubiri ndege katika kanda yetu anajua tunasema nini.

Hili si la vigogo peke yao

Ndugu msomaji, usikimbilie ukurasa wa michezo ukidhani kwamba mambo ya ndege ni ya waheshimiwa na wapambe wao. Vigogo hawana haja na kaunta ya maulizo. Wao wana chumba chao maalumu, wana mtu wa kuwabebea pasi, wana mtu wa kuwaambia ndege imefika na kiti kimeandaliwa. Hawaulizi kitu kwa kuwa wanaambiwa kabla hawajauliza.

Anayeihitaji kaunta ya maulizo ni wewe. Ni kijana wa Temeke au Eastleigh anayekwenda Oman, Dubai au Doha kutafuta riziki, ndiyo safari yake ya kwanza, na hajui mlango wa kuingilia uko upande gani. Ni mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo aliyechanga mtaji na wenzake watatu kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Ni mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo na ukoo mzima umemsindikiza. Ni mgonjwa anayekwenda India kutibiwa. Ni wewe unayekwenda kumpokea ndugu yako na nauli yako ya kurudi nyumbani inategemea ndege itue kabla daladala hazijalala.

Na huduma ile si sadaka. Katika bei ya kila tiketi imo ada ya abiria ya uwanja, na kwa safari za nje inafikia makumi ya dola. Unailipa kabla hujafika uwanjani, hata kama hujaiona kwenye karatasi. Mwenye mali anapouliza swali nyumbani kwake anastahili jibu. Iweje ajibiwe kama mtu aliyekuja kuomba?

Majengo tunayo

Hatusemi hakuna kilichofanyika. Uwanja wa Dar es Salaam ulikuwa na Jengo la Pili, lililofunguliwa mwaka 1984 na kuchorwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule aliyechora jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris. Kisha tarehe 1 Agosti 2019 Rais John Magufuli akazindua Jengo la Tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni jengo la haja. Vioo vinang'aa, ngazi zinapanda zenyewe, sakafu unaweza kujitazama sura.

Upanuzi wa uwanja huo una gharama ambayo haimo kwenye hotuba. Wapo wakazi wa Kipawa na Kigilagila waliohamishwa kuupisha, wakaacha nyumba, makaburi na majirani. Kwa hiyo uwanja ule haukujengwa kwa fedha tu. Ndiyo maana mtu wa kawaida ana haki ya kuuliza: baada ya vioo, nini kinafuata?

Siku ya uzinduzi wakubwa hutaja mita za mraba, idadi ya abiria na tani za chuma. Hatujapata kumsikia mkubwa akikata utepe huku akitangaza kwamba kuanzia leo abiria akiuliza swali atajibiwa kwa dakika ngapi. Jengo linapigwa picha. Adabu haipigwi picha.

Wanaodhani fedha nyingi peke yake inatosha watazame London. Mwaka 2008 uwanja wa Heathrow ulifungua Jengo la Tano lililogharimu pauni bilioni 4.3. Malkia Elizabeth alilizindua tarehe 14 Machi. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kazi, mambo yakavurugika: mizigo ikarundikana, ndege zikafutwa, abiria wakalala sakafuni. Mojawapo ya sababu ni kwamba wafanyakazi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha. Wengine walipata shida hata kujua pa kuegesha magari yao na mlango wa kupitia kwenda kazini. Mtu ambaye mwenyewe amepotea ndani ya jengo atamwelekeza nani?

Wataalamu walishasema

Hili tunalolisema halikubuniwa kijiweni. Mwaka 1988 wataalamu watatu huko Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walitoa kipimo cha ubora wa huduma ambacho mpaka leo hutumika kupima benki, hospitali, hoteli na viwanja vya ndege. Walisema mteja hupima huduma kwa kulinganisha alichokitarajia na alichokipata, na kwamba yako mambo matano anayoyatazama. Hebu tuyapeleke kwenye kaunta yetu ya maulizo, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kutegemewa. Je, ulichoambiwa ndicho kilichotokea? Ukiambiwa ndege inaondoka mlango namba 5, mlango huo ndio wenyewe? Wataalamu hao walikuta kwamba jambo hili ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Mtu anaweza kuvumilia sura iliyonuna ikimpa jibu la kweli. Havumilii tabasamu lililompeleka mlango usio wake mpaka ndege ikamwacha.

La pili ni kuitikia upesi. Anayeuliza uwanjani ana saa mkononi inayomkimbiza. Jibu sahihi linalokuja baada ya mlango wa ndege kufungwa ni sawa na hakuna jibu.

La tatu ni ujuzi na heshima vikiwa pamoja, ili mwulizaji aondoke na imani. "Nadhani", "labda" na "sijui, jaribu kule" si majibu ya mtu aliyevaa kitambulisho shingoni.

La nne ni kumjali mtu kama mtu. Mzee asiyesikia vizuri, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana anayesafiri mara ya kwanza na anaona aibu kuuliza: kila mmoja ana namna yake ya kusaidiwa. Ukiwajibu wote kwa sentensi moja ya kukariri, hujamjibu hata mmoja.

La tano ni vitu vinavyoonekana: kaunta, sare, alama, ubao wa matangazo. Hapo, jamani, tumefaulu. Katika mambo matano tumelipia lile moja ambalo lina uzito mdogo kuliko lile la kwanza.

Viwanja vyenyewe duniani vinalijua jambo hili. Baraza la kimataifa la viwanja vya ndege, ACI, lina mpango wa kupima huduma ambao abiria huulizwa wakiwa uwanjani siku ileile ya safari. Miongoni mwa mambo wanayotolea alama ni urahisi wa kuona njia, mabango ya taarifa za ndege, na adabu na msaada wa wafanyakazi. Uwanja wa Incheon, Korea Kusini, ulishika nafasi ya kwanza katika mpango huo miaka 12 mfululizo. Vioo wanavyo, lakini vioo peke yake havishiki namba moja miaka kumi na miwili.

Kusubiri kwa gizani

Mtaalamu mwingine, David Maister, mwaka 1985 aliandika juu ya saikolojia ya watu wanaosubiri. Alisema kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye muda unaojulikana. Kusubiri bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye maelezo. Na wasiwasi hurefusha kila dakika.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa foleni ya hospitali anajua hilo bila kusoma kitabu. Ukiambiwa daktari atakuja saa 6, unakwenda kunywa maji, unarudi. Usipoambiwa kitu unakaa palepale, unakodoa macho mlangoni, unaumia shingo na roho. Saa ni zilezile mbili. Maumivu si yaleyale.

Hapo ndipo tunapowashangaa wakubwa wa viwanja na mashirika. Ndege inaweza kuchelewa kwa mvua, kwa ukungu, kwa injini, na hakuna mtu mwenye akili atakayewalaumu kwa mvua. Lakini kusema "ndege itachelewa saa tatu kwa sababu hii, nasi tutawapa taarifa nyingine saa 4 kamili" kunagharimu shilingi ngapi? Sentensi moja ingepunguza nusu ya hasira ya ukumbi mzima. Sentensi hiyo inanyimwa watu, kisha polisi wanaitwa kutuliza ghasia!

Husimuliwa kisa cha uwanja wa Houston, Marekani, ambako abiria walilalamika kwamba mizigo inachelewa. Uwanja ukahamisha milango ya kuteremkia mbali zaidi, abiria wakawa wanatembea muda mrefu kabla ya kufika kwenye mizigo, na malalamiko yakaisha. Hatuombi ujanja wa namna hiyo. Watu wetu wametembezwa vya kutosha. Tunachokiomba ni rahisi zaidi kuliko kuhamisha milango: waambieni ukweli.

Siku mambo yanapoharibika

Thamani ya kaunta ya maulizo haijulikani siku ya kawaida. Hujulikana siku ya balaa.

Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mmojawapo wa viwanja vyenye shughuli nyingi Afrika Mashariki, ukaingia gizani kwa kuwa jenereta ya kuhudumia sehemu ya majengo iligoma kuwaka. Picha zilizosambaa zilionyesha abiria wakimulika kwa simu zao. Kesho yake waziri aliyehusika na uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja akaachishwa kazi. Desemba ya mwaka huohuo giza likarudi tena uwanjani hapo.

Wote walizungumzia jenereta, na ni kweli jenereta ni jambo kubwa. Sisi tunauliza swali jingine. Ukumbi ukiwa giza, ubao wa matangazo umezimika na vipaza sauti havisemi, nani anabaki kuwaeleza watu? Anabaki binadamu. Mtu mwenye tochi, mwenye sauti na mwenye taarifa kutoka kwa mkubwa wake. Kama mtu huyo hakuandaliwa kabla, hakuna jenereta itakayoziba pengo lake.

Hapa kwetu nako, mwaka 2022 baadhi ya ndege aina ya Airbus A220 za Air Tanzania zililazimika kusimama kwa tatizo la injini. Tatizo hilo halikuwa la Tanzania peke yake; injini za aina hiyo zilizisumbua pia kampuni nyingine duniani. Ratiba zikabadilika. Katika hali kama hiyo abiria hahitaji somo la uhandisi. Anahitaji kujua mambo matatu: ataondoka lini, atalala wapi, na akiamua kutosafiri fedha yake ataipataje. Mtu wa maulizo asiyeweza kujibu hayo matatu ni mlinzi wa kaunta tu.

Ukimya unakuibia

Sasa, kijana, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa pana fedha yako.

Upo mkataba wa kimataifa uitwao Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Tanzania na Kenya zimo ndani yake. Mkataba huo unasema shirika la ndege linawajibika kwa mzigo ulioukabidhi ukipotea, ukiharibika au ukichelewa, na linawajibika pia kwa hasara itokanayo na safari kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilifanya kila linalowezekana kuizuia. Kwa mzigo, kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, ambavyo ni takriban dola 2,000 za Marekani. Si kwamba kila mtu atapewa zote. Utalipwa kwa hasara unayoweza kuionyesha, mpaka kufikia hapo.

Lakini haki hiyo ina saa inayohesabu. Mzigo ukiharibika, lazima ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Ukichelewa, ni ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Usipofika kabisa baada ya siku 21 tangu siku uliyotakiwa kufika, unaweza kudai kama mzigo uliopotea. Na kesi mahakamani ni ndani ya miaka 2. Ukipitisha siku, umekwisha.

Je, ni wangapi waliowahi kuambiwa hayo kwenye kaunta? Kijana anarudi na sanduku limepasuliwa, simu mbili alizowanunulia wazazi hazimo. Anakwenda maulizo. Anaambiwa: "Njoo Jumatatu." Jumatatu anaambiwa mhusika yuko safarini. Anarudi Alhamisi. Siku 7 zinapita akizungushwa kwa danadana, na siku ya nane anaambiwa kwa adabu kubwa kwamba amechelewa. Huo si uzembe mdogo wa mtu aliyenuna. Fedha yake imekwenda, na aliyeipoteza ni ukimya wa kaunta.

Ulaya walishtuka mapema. Kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, haikuishia kuweka fidia ya euro 250 mpaka 600 kwa ndege kufutwa. Imelilazimisha pia shirika la ndege kubandika tangazo linalosomeka pale abiria wanapojiandikisha, la kuwaambia kwamba wanaweza kuomba maelezo ya haki zao kwa maandishi. Yaani kuelezwa kwenyewe kumefanywa haki. Sisi bado tunadhani kuelezwa ni hisani.

Na pengo la maelezo halikai tupu. Panapokosekana jibu la bure hujitokeza mtu wa kuuza jibu. Yupo kishoka atakayekwambia pasi yako ina kasoro ila yeye anamjua mtu. Yupo wa kukubebea sanduku hatua 20 na kudai dola. Yupo wa kukwambia foleni hii si yako, toa kitu kidogo upite kule. Tapeli anaishi kwa kutojua kwako. Mweke mtu mkweli kwenye kaunta ya maulizo, saa zote, uone kama vishoka hawatahama wenyewe bila kufukuzwa na mgambo.

Tusimpige mawe kijana wa kaunta

Itakuwa dhambi tukimaliza lawama zote kwa yule dada au kaka anayekaa pale. Wengi wao ni vijana kama wewe. Wako wanaofanya kazi kwa mikataba ya muda mfupi, wanaokesha zamu ndefu na kurudi nyumbani kwa daladala ya alfajiri. Hawakumnyima mama yule jibu kwa kuwa wana roho mbaya. Mara nyingi hawana jibu. Shirika la ndege halikuwaambia. Mnara wa kuongozea ndege hauongei nao. Simu ya mezani haina laini. Mkubwa wao amewaonya wasiseme lolote mpaka waruhusiwe, na mkubwa huyo amelala.

Uwanjani kuna mamlaka ya uwanja, kuna mashirika ya ndege, kuna kampuni za kuhudumia mizigo, kuna uhamiaji, ushuru, afya na polisi. Kila mmoja ana kaunta yake na kila mmoja anamsukuma abiria kwa mwenzake. Abiria haoni idara saba. Anaona uwanja mmoja. Akitukanwa na mmoja, amekwazwa na wote, na anapofika nyumbani hasemi kampuni fulani, anasema "nchi ile".

Jambo jingine ni lugha. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa, na tangu mwaka 2021 UNESCO imeipa siku yake duniani, Julai 7. Lakini mzee wa Kigoma akifika kaunta ya maulizo na kusalimu kwa Kiswahili, wapo wanaomjibu kwa Kiingereza cha puani ili waonekane wasomi. Kiingereza kinahitajika, kwa kuwa wageni wapo. Kifaransa, Kichina na Kiarabu pia vingefaa. Lakini mwenye nyumba asihitaji mkalimani sebuleni kwake.

Tunachokitaka

Wapo watakaosema hakuna fedha. Hatukubali. Aliyepata fedha ya kioo hakosi fedha ya mtu. Tena mengi katika haya hayahitaji fedha bali nidhamu.

1. Kaunta ya maulizo iwe na mtu kila saa ambayo kuna ndege inayotua au kuondoka, usiku na mchana. Akitoka kwenda kula, awepo wa kumpokea. Sweta si mfanyakazi.

2. Ndege ikichelewa, shirika liwe na wajibu wa kuipa kaunta sababu na muda mpya, na taarifa irudiwe kila nusu saa hata kama hakuna jipya. "Bado hatujui, tutawaambia saa 5" nalo ni jibu.

3. Kila tangazo na kila jibu lipatikane kwa Kiswahili kwanza au sambamba na lugha nyingine.

4. Haki za abiria, pamoja na zile siku 7 na siku 21, zibandikwe kwa Kiswahili mahali pa kudaia mizigo, kwa herufi zinazosomeka na mtu wa kawaida.

5. Kiwepo kitabu cha malalamiko chenye namba, na kila mwezi mamlaka zitangaze yaliyoandikwa ni mangapi na yaliyojibiwa ni mangapi. Kinachopimwa kimya kimya hakimtishi mtu.

6. Wafanyakazi wa kaunta wapewe mafunzo, simu inayofanya kazi na ruhusa ya kusema ukweli. Na mkuu wa uwanja, pamoja na tai yake, akae kwenye kaunta hiyo siku moja kila mwezi, zamu ya usiku. Tunaamini mambo mengi yatarekebishwa kabla hajamaliza zamu ya pili.

Nawe msomaji usingoje matakwa haya yatimizwe ndipo ujitetee. Tunza kipande cha tiketi na kile cha mzigo. Usitoke ukumbi wa mizigo kabla hujaandikiwa taarifa ya mzigo ulioharibika au usioonekana, na uondoke na nakala yenye namba. Andika jina la aliyekujibu na saa aliyokujibu. Peleka malalamiko kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku zako, si kwa mdomo. Kwa Tanzania, ukipuuzwa, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wapelekee barua, wapeni kazi. Baraza lisilopelekewa malalamiko hudhani kwamba watu wameridhika.

Mdogo wake mwandishi wa safu hii alifika saa 10 jioni, amechoka, sanduku lake moja halikufika. Mama yule wa mkoani alimpata binti yake salama, wakaondoka wamekumbatiana. Kabla hajapanda gari alirudi nyuma, akamtafuta yule dereva teksi, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru. Pembeni ya kaunta ya maulizo alipita bila kuitazama.

Wakubwa wa viwanja wanaweza kutumia fedha nyingi kuwauliza wataalamu kama abiria wameridhika. Sisi tunawapa jibu bure: tazameni abiria wenu wanakwenda kumshukuru nani.